Sekunde Kumi na Moja za Sauti Yako

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu hukuwahi kumsikiliza mtu aliyeanza na shida, hata kama nyumba inaungua, na mimi leo nina jambo refu la kukueleza. Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu, nyuma ya stendi ya bajaji. Mlango nimeurudishia nusu ili jua lisiipige meza. Feni inazunguka taratibu, inanitia usingizi, na mbele yangu kuna kile kisanduku cheusi cha Baba, ile eksteno aliyokuwa akihifadhia video zake. Unakikumbuka. Ulikuwa ukikiita nyumba ya wageni.

Ulikuwa ukitoka uani, mikono inanukia bizari na moshi wa kuni, unasimama nyuma ya kiti cha Baba na kumtazama akipanga video za harusi. Maharusi wanaingia, shangazi wanatunza, watoto wanakimbia mbele ya kamera, kisha Baba anabonyeza kitufe na wote wanatoweka ndani ya kisanduku. Siku moja ukauliza, "Sasa hao watu wote wanakaa humo bila kugombana?" Baba alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa kidato cha pili, najiona nimeshamaliza elimu ya dunia, nikakwambia humo hamna watu, kuna data tu. Ukanitazama kwa huruma. Ukasema hiyo data basi ina bahati, maana imekula pilau yako nyingi.

Hakuna aliyekujibu siku ile. Leo mimi ni fundi kompyuta, watu wananiletea mashine zao mpaka kutoka Msata, kwa hiyo acha nikujibu.

Ndani ya kisanduku hiki kuna sahani. Ni sahani kweli, bapa, zimepangwa moja juu ya nyingine, zinang'aa kuliko kioo chako cha kujitazamia. Umeme ukiwaka zinazunguka maelfu ya mara kwa dakika moja. Kando yake kuna mkono mwembamba, na kwenye ncha ya mkono huo kuna kichwa kidogo mfano wa punje ya ufuta. Kichwa hicho hakitakiwi kuigusa sahani inapozunguka, hata kidogo. Kinaelea juu yake, kimebebwa na hewa inayotibuliwa na mzunguko wenyewe, mahali pembamba kiasi kwamba hata moshi wa udi usingepata njia ya kupita. Kikiwa pale kinageuza vijisumaku visivyohesabika, hiki kitazame huku, kile kitazame kule. Basi. Harusi nzima na vigelegele vyake ni vijisumaku vilivyogeuzwa huku na kule. Nikikaa peke yangu hapa mchana, diski ya mteja inazunguka na kunong'ona mezani, huwa najikuta nimeacha kazi. Nasikiliza tu. Najua ni mota, lakini moyo wangu unaniambia kuna watu wamekaa humo ndani na hawagombani.

Kuna jambo nililolitambua nikiwa mtu mzima, na liliniuma. Baba alipiga video harusi za mji huu miaka nenda miaka rudi, na nyingi kati ya hizo mpishi alikuwa wewe. Mlitoka nyumbani pamoja, yeye na begi la kamera, wewe na mwiko wako mrefu uliofungwa kwa kanga. Mkifika mnaachana mlangoni. Yeye mbele kwa maharusi, wewe nyuma kwenye mafiga. Mnarudi pamoja jioni, mmechoka, mnasimuliana harusi mbili tofauti. Kwa hiyo katika video zote zile, wewe haumo. Wageni wote walikula mkono wako na kamera haikukuona.

Isipokuwa mara moja. Ilikuwa harusi ya binti wa jirani, na Baba alinipa kamera ya akiba nijifunze. Nikawakimbia maharusi, nikaja uani kwako. Jua lilikuwa linapenya kwenye moshi kupitia makuti ya banda, michirizi mirefu, na wewe umekaa kwenye kigoda katikati ya michirizi hiyo unapeta mchele. Mjomba Seif, kaka yako, alikuwa akikoroga sufuria kubwa, jasho linamtiririka, na wewe unamwelekeza bila hata kumtazama. Ulikuwa ukiimba puani, wimbo usio na maneno. Nilikufuata na kamera karibu saa nzima. Ulinifukuza mara tatu. Baba alipokiingiza kipande hicho kwenye kisanduku alikwambia na wewe sasa umo, ukajifanya hujali. Halafu ukaja kuomba uonyeshwe, na wiki ile ile ukaja tena.

Kanda za zamani zilipoanza kuota ukungu, maana hewa yetu hii ya chumvi haina rafiki, Baba alizihamishia zote kwenye eksteno na kanda zenyewe akazitupa. Alikuwa amefurahi kama mtu aliyehamia nyumba mpya. Akasema, "Akiba haiozi, Mama Zai." Wewe ulikuwa unakata vitunguu. Ukamuuliza, "Hata ikiwa mahali pamoja?"

Ulikuwa na haki ya kuuliza. Hukuandika kipimo cha pishi lolote maishani mwako, lakini kila pishi ulilifundisha watu watatu wasiokaa nyumba moja. Nilidhani ni ukarimu tu. Siku hizi nawafundisha wateja wangu jambo hilo hilo, nakala tatu, na moja isilale chini ya paa moja na nyingine, wananiona mtaalamu. Nami nimelipata uani.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe, Mama. Nimeizunguka miaka tisa.

Ulipolazwa, nadhani lile swali lako lilimwingia Baba. Akanunua eksteno ya pili. Asubuhi ile, kabla hajaja kwako hospitali, aliziunganisha zote mbili kwenye kompyuta ya sebuleni akaanza kunakili kutoka ya zamani kwenda mpya. Video zilikuwa nyingi, ingechukua siku nzima, na kipande chako kilikuwa mbali kwenye foleni. Akaniambia, "Zai, usiguse. Ikimaliza itasema yenyewe." Akavaa kofia, akaondoka.

Mwendo wa adhuhuri Mjomba Seif aliingia bila kutoa salamu, nikajua.

Baba alikuwa amebaki hospitali ili akulete nyumbani. Mjomba alikuja kutayarisha nyumba. Unajua inavyokuwa. Kabla sijakaa chini wanaume wa mtaa walikuwa wameshaingia, kochi linatoka, kabati linatoka, meza inasubiri, majamvi yanakuja kwa majirani, na wanawake wamesimama barazani wamejitanda kanga wakingoja sebule iwe wazi waingie kukaa. Kila mtu alikuwa anafanya jambo jema. Mimi nilisimama katikati kama nguzo.

Halafu nikaona kioo cha kompyuta. Ikiachwa bila kuguswa ilikuwa na tabia ya kupitisha picha, na picha za Baba ni zipi kama si maharusi? Wanapita mmoja mmoja, wamepambwa, mikono imejaa hina, wanatabasamu. Bi harusi anacheka, anafifia, anakuja mwingine. Na mlangoni mwanamke wa kwanza ameshaanza kulia jina lako. Nilipata aibu ambayo sijawahi kuieleza. Niliona kama nyumba yetu inakucheka. Ningeweza kuzima kioo tu, kuna kitufe chake, hata mtoto anakijua. Lakini akili ilikuwa imenitoka.

Mjomba alikuwa ameshika upande mmoja wa kochi la mwisho. Akaniuliza kwa upole, "Hiyo nayo vipi? Baba yako anasemaje?" Nikamwambia iko sawa. Nikaikwapua eksteno ya zamani mezani, inazunguka, taa ya buluu inapepesa.

Jambo hili nimelibeba mkononi mpaka leo. Kitu kinachozunguka kwa kasi kile hakikubali kugeuzwa. Nilipokiinamisha kilinisukuma, kikakataa, kama mbuzi anayejua anakopelekwa. Waya ukavutika, kikaniponyoka, kikagonga ukingo wa meza. Sauti ndogo tu. Hakuna aliyeisikia isipokuwa mimi na Mjomba. Kisha nikang'oa plagi ukutani, maharusi wakazimika, wanawake wakaingia, na msiba wako ukaanza.

Ulikuwa msiba mkubwa, Mama. Watu walikuja mpaka kutoka Miono. Walikula chakula kilichopikwa na wale uliowafundisha, na wengi walisema ni kama umepika wewe. Mimi sikula.

Baada ya arobaini Baba aliunganisha vitu vyake. Ile eksteno mpya ilikuwa na harusi za mwanzo mwanzo tu. Akaiwasha ya zamani. Ikazunguka, kisha ikafanya ta, ta, ta. Ikanyamaza. Ikafanya tena. Siku hizi najua maana yake: ni ule mkono unatoka kwenda kutafuta alama ya kuuonyesha uko wapi, haupati, unarudi, unajaribu upya. Kichwa kiliigusa sahani siku ile nilipoigonga, kikaumia, na kila Baba alipoiwasha tena kilizidi kukwaruza. Aliiwasha siku nne. Jirani mmoja akamshauri aifukie kwenye mchele, maana mchele uliponya simu ya mkwewe iliyoanguka kisimani. Baba akaifukia kwenye ndoo siku tatu. Diski haikuwa imelowa hata tone. Tukaula ule mchele, na Baba hakutabasamu hata kidogo.

Kisha akauliza ni nani aliyeibeba siku ya msiba. Tulikuwa watatu jamvini. Mjomba ndiye aliyesimamia kutoa vitu, kila mtu alijua hivyo. Nikakodoa macho kwenye ukili wa jamvi. Nilihisi Mjomba akinitazama, mara moja tu. Akasema, "Ni mimi, shemeji. Niliibeba vibaya. Unisamehe."

Baba hakupandisha sauti. Alisema, "Umemzika dada yako mara ya pili, Seif." Akainuka akaenda kutawadha.

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, na kesho yake, na Idi iliyofuata. Sikusema. Na siku zilivyopita ndivyo neno lilivyozidi kuwa zito, kama chumvi inayopata unyevu. Mjomba hakula tena nyumbani kwetu. Mwaka uliofuata alihamia Miono kulima, na kila msimu alinipa mahindi nimpelekee Baba, na Baba aliyapokea bila kuuliza yametoka wapi. Nilimfuata Mjomba mara moja nikamuuliza kwa nini alijitwika. Alikuwa anapalilia, hakusimama. Akasema, "Mimi baba yako akininunia, nalala kwangu. Wewe ungelala wapi?"

Watu wanadhani nilipenda kompyuta tangu utotoni. Si kweli. Niliingia kwenye ufundi kwa hatia. Nilikwenda Kariakoo kujifunza kwa fundi mmoja mwanamke, anayeongea kwa kunong'ona kana kwamba diski zimelala. Nilianza kwa kufagia, nikapanda kwenye kufungua skrubu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba ukifuta kitu humo ndani hakifutiki papo hapo. Kinachofutwa ni jina lake kwenye orodha. Chenyewe kinabaki pale pale gizani, kizima, mpaka kije kitu kingine kikalie nafasi yake. Siku hiyo niliomba ruhusa nikaenda kulia chooni. Nilikuwa nakuwaza wewe, uko mahali, mzima, hakuna anayejua jina la kukuitia.

Kwa wateja wangu mimi ni mkali, nakiri. Mtu akiniletea diski inayogonga, swali langu la kwanza ni ameiwasha mara ngapi. Akisema kumi, namsema mpaka anajuta kuzaliwa. Mwalimu mmoja aliniambia nina roho ya askari. Hajui ninayemsema ni nani.

Miaka yote hiyo kisanduku cha Baba kilikaa kwenye sanduku lako la nguo, katikati ya kanga, na karafuu zako za kufukuzia wadudu. Baba ndiye aliyekiweka humo. Nilikitoa mwaka huu, kwa ruhusa yake, nikamwambia nataka kujaribu. Alisema, "Jaribu tu," kama mtu anayemruhusu mtoto kutafuta mwezi kisimani.

Diski iliyokufa vichwa inaweza kuazima vichwa vya nyingine, lakini lazima iwe ndugu yake wa damu: kampuni hiyo hiyo, namba hiyo hiyo, ikiwezekana toleo hilo hilo. Nilitafuta muda mrefu. Nikaipata Msata, kwenye duka la fotokopi lililo karibu na njia panda, imewekwa chini ya mguu wa meza kuzuia meza isiyumbe. Nilibadilishana na kipande cha ubao, mwenye duka akaona nimepungukiwa akili.

Nikaenda nazo zote mbili Kariakoo. Fundi wangu ana kasha la kioo lenye hewa iliyochujwa, kwa sababu chembe moja ya vumbi mle ndani ni jabali. Tukaingiza mikono, tukafungua. Hapo ndipo nilipoziona sahani zilizokubeba. Zilikuwa nzuri, Mama. Na kwenye ya juu kulikuwa na duara, jembamba, limechorwa kuizunguka sahani yote. Fundi wangu alinong'ona kwamba pale palipokwaruzwa hapana kitu tena. Sumaku imekuwa vumbi, na hakuna fundi wa kuirudisha. Mimi nilikuwa nalitazama duara lile nikijua limechorwa na mkono wa nani.

Vichwa vya kuazima vilidumu siku mbili. Tulisoma kipande kwa kipande, tukifika kwenye mkwaruzo tunaruka, tunaendelea mbele, tunarudi nyuma. Vilivyotoka vilikuwa kama ndoto ya mtu mwenye homa. Nusu ya keki. Kiatu cha mtoto. Vigelegele visivyo na watu. Bwana harusi aliyekatika kiunoni, chini yake ukuta wa nyumba nyingine. Jioni ya siku ya pili diski ilifanya ta, ta, ta, ikanyamaza moja kwa moja, na fundi wangu akanishika bega.

Nilirudi hapa kibandani nikafungua vipande vile kimoja kimoja, mchana kama huu, feni hii hii. Saa nzima ya uani imeliwa na duara. Imebaki sekunde kumi na moja.

Uso wako haumo. Nilikuwa nimeshusha kamera, nadhani mkono ulichoka, kwa hiyo inaonekana pindo la kanga yako, kisigino chako, na ukingo wa sinia. Moshi unapita. Kisha unasema, kwa ile sauti yako ya kuamrisha bila haraka, "Zima hiyo, mwanangu, uje ule." Mwiko unagonga sufuria. "Na mjomba wako hajala toka asubuhi. Mwite."

Nilifunga mlango. Sikulia kama nilivyotarajia. Nilikaa sakafuni nikasikiliza mpaka kichwa kikawa chepesi. Miaka tisa nilikuwa naota unaniuliza kwa nini nilizima. Kumbe humo ndani, muda wote huo, ulikuwa unaniambia nizime.

Ningeweza kumpelekea Baba sekunde zile nikawa shujaa. Nitakuambia ukweli, nilifikiria hivyo njia nzima. Lakini wewe ulikuwa umesema nimwite Mjomba. Nitamwitaje mtu mezani kwa Baba huku nimeuacha mzigo wangu begani kwake?

Nilimkuta Baba amekaa mlangoni baada ya alasiri, anafuta miwani kwa ncha ya kanzu. Nilijua nikimsikilizisha sauti yako kwanza hatasikia tena neno langu. Kwa hiyo nikapiga magoti nikasema. Nilisema maharusi kwenye kioo, nilisema aibu, nilisema ukingo wa meza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, iko mbali.

Aliacha kufuta miwani. Akauliza, "Na Seif alijua?"

Nikamwambia, "Alikuwa ameshika kochi, Baba. Aliona."

Akavaa miwani, akaivua tena. Akainuka akaingia ndani. Siku mbili hakunisemesha, na sikumlaumu. Siku ya tatu aliniomba chai, na alipomaliza kunywa akasema nilete hiyo kompyuta yangu.

Nikamwekea. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwiko ulipogonga sufuria alishtuka, akatazama mlango wa uani. Alinitaka nirudie, nikarudia mara nne. Ya nne alikuwa anatamka na wewe kwa midomo, bila sauti. Kisha akanisukumia simu yake. Akasema, "Umemsikia mama yako. Mwite."

Mjomba alishuka Ijumaa na gunia la mahindi, kama kawaida yake, ila safari hii alilibeba mwenyewe mpaka mlangoni. Amezeeka, Mama. Alisimama nje ya kizingiti, hajui aweke wapi mikono. Mimi nilikuwa uani na mwiko wako, nimepika pilau ambayo ilinishinda, nachungulia kwenye pazia. Nilimtegemea Baba aombe radhi kwa maneno mazito, unamjua anavyopenda hotuba. Baba alimtazama shemeji yake tangu kofia mpaka kandambili. Akasema, "Ingia, Seif. Nimeambiwa hujala."

Mjomba alifunika uso kwa viganja viwili. Baba akamshika mkono akamwingiza.

Tulikula sinia moja, watatu, kwenye jamvi. Mjomba alionja tonge la kwanza, akanitazama, akaniambia maji ya nyama nimeyatia chumvi mwishoni na wewe ulikuwa ukitia mwanzoni. Akaahidi kunifundisha. Baada ya chakula nikawawekea sekunde zako. Mjomba alicheka na kulia, akasema ni kweli, siku ile hakuwa amekula, na kumbe kuna mtu aliliona hilo.

Nimetengeneza nakala tatu. Moja iko kwa Baba, kwenye sanduku lako. Moja iko hapa. Ya tatu Mjomba ameichukua Miono, ingawa hana kompyuta wala jirani mwenye nayo. Ameifunga kwenye kitambaa ameiweka pamoja na mbegu za msimu ujao, na nikimpigia simu hunihakikishia kwamba haijalowa. Haijaoza.

Najua na hizi zitakufa siku moja. Kila diski hufa, ndiyo kazi inayonipa riziki. Ila sasa kipo kitu ambacho hakimo kwenye diski yoyote: tunakula pamoja kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na Mjomba halipi nauli ya kurudi bila Baba kumsindikiza stendi.

Kisanduku cha zamani nitakirudisha leo katikati ya kanga zako. Hakitawashwa tena. Baba ananiita kwa simu, chakula tayari, nami bado nimekaa hapa nakuandikia. Basi, Mama, kwaheri ya leo. Nimezima. Naenda kula.

Binti yako,
yule aliyeambiwa asiguse.